Uso Wangu Ulipiga Kura

Kabla hajaimba mtu yeyote, tulipiga makofi.

Kijana mmoja mwenye fulana nyeusi na redio ya upepo kiunoni alisimama mbele ya jukwaa tupu akatuambia tushangilie. Tukashangilia. Akasema bado tumelala, tushangilie kama Taifa Stars imefunga dakika ya tisini. Tukainuka, watu wakapiga miluzi, mama mmoja wa mstari wa mbele akapiga vigelegele mpaka kilemba kikamlegea. Kisha tukaambiwa tutulie, tulitazame jukwaa kwa huzuni. Kisha kwa mshangao. Na jukwaani hapakuwa na kitu zaidi ya kipaza sauti kwenye stendi yake na fundi mmoja aliyekuwa akivuta waya.

Yalikuwa mashindano ya kuimba ya televisheni, hapa hapa Dar es Salaam. Jina la kipindi nitalihifadhi. Tulikaa kwenye viti vya plastiki kuanzia saa nane mchana hadi saa tatu usiku, chupa moja ya maji kwa kila kichwa, na ukitaka kwenda msalani unaomba ruhusa kama mtoto wa darasa la pili.

Wiki tatu baadaye niko nyumbani, sahani ya wali mapajani, kipindi kinarushwa. Kijana mmoja mwenye gitaa akamaliza kuimba. Kamera ikageukia watazamaji, na katikati ya skrini nikajiona mimi. Mdomo wazi. Macho yamenitoka. Mkono kifuani, kama mtu aliyeletewa habari njema asiyoitarajia.

Tatizo ni kwamba wakati yule kijana anaimba, mimi nilikuwa msalani.

Uso wenyewe niliutambua. Ni wa saa kumi hivi, pale yule fundi alipojikwaa kwenye waya wake na mlingoti wa taa ukayumba juu ya meza ya majaji. Nilimshangaa fundi. Televisheni ikaamua nimemshangaa mwimbaji.

Simu ya mama mdogo

Sahani sijaiweka chini, simu ikaita. Mama mdogo, kutoka Tabata.

"Mwanangu, nimekuona!"

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Nimekuona kwenye runinga! Na wewe kumbe una moyo!"

Nikacheka. Akaendelea kusimulia kama mtu aliyeshuhudia muujiza. Alikuwa hajaamua ampigie nani kura. Alikuwa anayumba kati ya kijana wa gitaa na dada mmoja wa Mbeya. Aliponiona mimi nimeshika kifua, akasema basi, shauri limekwisha.

"Wewe ulimzika babu yako bila kudondosha chozi. Kama wewe ameweza kukugusa vile, yule mtoto ana kitu. Nimemtumia meseji mpaka vocha ya elfu mbili imeisha."

Nilimuaga, nikarudi kwenye wali wangu. Ulikuwa umepoa.

Elfu mbili siyo hela ya kumkosesha mtu usingizi, lakini mimi ilinikosesha, na siyo usiku mmoja. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiuliza swali la kila mtu: hivi haya mashindano ni ya kweli au yamepangwa? Sasa nilikuwa sehemu ya jibu na bado sikujua jibu ni lipi.

Neno moja, kazi mbili

Sisi Waswahili tulishatoa hukumu yetu zamani, tukaificha ndani ya neno. Anayeimba tunamwita msanii. Anayekuzungusha wiki nzima na hela yako hajaileta, tunasema anafanya usanii. Neno lile lile. Sijui lugha nyingine inayowatania waimbaji wake kwa ukali huu.

Ndiyo maana tangu enzi za Bongo Star Search ya mwanzo, pale Madam Rita, Master Jay na Salama Jabir walipokuwa wakikaa meza ya majaji na mtaa mzima unasogeza viti sebuleni kwa jirani mwenye runinga, kila fainali ilichezwa mara mbili. Mara ya kwanza kwenye televisheni. Mara ya pili kesho yake kijiweni, kwenye kahawa, ambako matokeo yalitenguliwa. Huyu kabebwa. Yule kaibiwa. Mshindi alijulikana tangu usaili. Mimi nilikuwa mmoja wa majaji wa kahawani, tena mkali kuliko Master Jay.

Kilichonitia shaka kwa mara ya kwanza ni Tusker Project Fame, mashindano ya kuimba ya Afrika Mashariki. Kijiweni tulikuwa na nadharia isiyopingika: kura zinafuata uraia, kwa hiyo nchi yenye watu wengi na simu nyingi itashinda daima. Mwaka 2009 akashinda Alpha Rwirangira wa Rwanda. Mwaka 2013 akashinda Hope Irakoze wa Burundi. Nchi mbili ndogo kuliko zote pale mezani.

Nadharia yetu haikuyumba hata kidogo. Tulisema: mnaona? Yamepangwa.

Leo najiuliza kama hatukuwa tunaruka hesabu rahisi. Nchi yenye washiriki watatu inagawa kura zake mara tatu, na yenye mmoja inamrundikia huyo huyo. Lakini hesabu haina ladha kwenye kahawa. Ukishaamua kwamba mtu ameibiwa, kila matokeo ni ushahidi: wakubwa wakishinda ni nguvu ya wakubwa, wadogo wakishinda ni biashara. Peter Msechu alishika nafasi ya pili Bongo Star Search 2009, mwaka uliofuata akawa wa pili tena kule Project Fame. Kwetu hiyo ilitosha kabisa. Mtu hawezi kuwa wa pili mara mbili bila mkono wa mtu! Kumbe anaweza. Darasani kwetu kulikuwa na kijana aliyekuwa wa pili kuanzia la tatu hadi la saba, na hakuna aliyemwonea.

Nilikokwenda kumtafuta mwizi

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikirudi kazini nakaa na simu kutafuta kesi ambazo wizi ulithibitishwa, siyo kusemwa tu. Zipo.

Ya Korea Kusini ndiyo iliyonikalisha macho. Julai 2019, kipindi cha Produce X 101 kilichorushwa na kituo cha Mnet kilimaliza fainali yake, wakachaguliwa vijana kumi na mmoja wa kuunda kundi. Mashabiki wakachukua idadi ya kura zilizotangazwa wakaanza kutoa na kujumlisha. Wakaona tofauti kati ya mshiriki na mshiriki inajirudia: 29,978. Kisha 29,978 tena. Na tena. Kura za mamilioni ya watu haziwezi kupanga mstari kama wanafunzi wa gwaride. Malalamiko yakafika polisi, mtayarishaji Ahn Joon-young akakamatwa Novemba mwaka huo, na Mei 2020 akahukumiwa miaka miwili jela. Kundi la X1 lililotokana na kura zile lilikuwa limeshavunjwa Januari. Mahakama ya rufaa ilipofika zamu yake ikataja na majina ya waliopokonywa nafasi.

Nilisoma ile habari kwa furaha ambayo sasa naionea aibu kidogo. Hatimaye! Kahawani tulikuwa sahihi.

Uingereza nako. Mwaka 2007 ilifichuka kwamba vipindi kadhaa vilikuwa vikipokea simu za kulipia kutoka kwa watazamaji huku kura zao hazifanyi kazi yoyote. Kimoja kilikuwa Soapstar Superstar, ambamo waigizaji wa tamthilia walishindana kuimba: watazamaji walipiga simu kuchagua nyimbo, na mara nyingine watayarishaji wakachagua wanazozitaka wao. Mei 2008 mdhibiti wa utangazaji, Ofcom, akakitoza kituo cha ITV cha huko faini ya jumla ya pauni 5,675,000 kwa makosa ya kipindi hicho na vingine. Na Wamarekani walikwishapita huko miaka ya 1950, mashindano ya maswali yalipogundulika kwamba washiriki walipewa majibu mapema. Mwaka 1960 wakaweka sheria. Sheria ile inataja mashindano ya maarifa, ya akili na ya bahati. Kuimba haikukutaja.

Basi nilikuwa na mwizi wangu. Nilitakiwa nilale.

Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo kesi za upande wa pili zilivyonijia, na hizi hazikuwa na furaha. Aprili 2009 Susan Boyle, mama wa Scotland, alipanda jukwaani kwenye mashindano ya vipaji ya Uingereza, Britain's Got Talent, ukumbi ukamcheka, akafungua kinywa, dunia ikasimama. Wiki chache baadaye alikuwa anajulikana kuliko kipindi chenyewe. Kama matokeo yangekuwa mkononi mwa watayarishaji, nani angemkatalia ushindi? Akashindwa. Kura zikaenda kwa wacheza dansi wa Diversity.

Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya kuimba ya X Factor ya huko huko, baada ya fainali walitoa kura za kila wiki hadharani. Matt Cardle aliongoza wiki zote isipokuwa ya kwanza. Wale vijana watano wa One Direction, ambao leo hata mpwa wangu wa miaka tisa anawajua, walimaliza wa tatu. Kura zilikuwa kura.

Na One Direction wenyewe hawakuja kama kundi. Walikuja mmoja mmoja, wakakataliwa mmoja mmoja, kisha mezani wakaunganishwa. Hapo nikasita kidogo. Hilo ni kupanga au siyo kupanga? Hakuna kura iliyoibiwa. Lakini mtu alikaa chini, akatazama picha za vijana waliokwisha kutolewa, akaunda kitu ambacho kabla ya hapo hakikuwapo, akakileta kwa watu wakipigie kura.

Hata yule Susan Boyle hakutoka mtaani akaingia moja kwa moja mbele ya majaji. Kwenye mashindano haya kuna usaili kabla ya usaili: unaimbia kwanza watu wa kipindi, bila majaji wale wa kwenye skrini, na hao ndio wanaoamua nani aonekane. Kwa hiyo kamera iliyomsubiri ikiwa imeelekezwa kwa watu wanaocheka ilijua kinachokuja. Kicheko kilikuwa cha kweli. Waliojua hakitadumu walikuwa nyuma ya pazia.

Video ya harusi

Nilijaribu kujitetea. Nilijiambia: kurekodi ni saa saba, kipindi ni dakika arobaini na tano, lazima mtu akate. Mpiga video wa harusi naye anakata. Anatoa pale bwana harusi alipopiga miayo, anaweka chozi la mama mzazi kwenye wimbo ambao haukupigwa ukumbini, na hakuna anayemwita tapeli. Tunamlipa, tena tunamsifu.

Nilikaa na utetezi huo siku tatu hivi, nikiwa na amani.

Kisha nikiwa kwenye daladala nikakumbuka kwamba video ya harusi haimwombi mtu atume meseji.

Mwaka 2010, kipindi cha kwanza cha msimu ule wa X Factor, watazamaji walisikia sauti ya Gamu Nhengu, binti mwenye asili ya Zimbabwe, ikiwa imenyooshwa na kompyuta. Watayarishaji wakakiri kwamba sauti za usaili zilipitishwa kwenye programu ya kurekebisha. Walisema ni kazi ya kawaida ya baada ya kurekodi, vipaza sauti vilikuwa vingi. Huenda. Lakini mashindano ni ya nini, kama siyo ya sauti?

Na ukinyoosha sauti ya mmoja umemsaidia, ukinyoosha za wote umewasaidia waliokosea na kuwapunja waliopatia. Sijui kama alikuwepo mtu kwenye chumba cha uhariri aliyewaza hivyo. Mtu akiwa na kipindi cha kurusha Jumamosi hana muda wa falsafa.

Noti hadharani

Marehemu bibi yangu alizoea ushindani wa waimbaji kuliko sisi. Alipenda kusimulia miaka ya tisini, vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, mipasho inarushwa kama mawe. Hapakuwa na jaji. Hapakuwa na meseji. Mwanamke aliinuka kwenye kiti chake, akacheza taratibu mpaka jukwaani, akamtunza mwimbaji noti mbele ya macho ya watu wote, na yule mpinzani wake aliyekaa pembeni akajua wimbo umemlenga nani.

Hela iliongea, tena sana. Mwenye nazo alitunza mara kumi. Ila ulimwona ni nani, ulijua ni ya mume gani, na uliyakariri maneno yaliyomfanya ainuke.

Kura ya simu nayo ni kutunza, tofauti ni kwamba hakuna anayemwona mtunzaji. Kwenye mashindano ya kuimba ya Marekani, American Idol ya 2009, Kris Allen alipomshinda Adam Lambert, iligundulika kwamba wafanyakazi wa kampuni ya simu ya AT&T walikwenda kwenye sherehe za mashabiki wa Allen huko Arkansas wakawapa simu za kutumia bure na kuwafundisha namna ya kutuma kura nyingi kwa mpigo. Kura zilikuwa karibu milioni mia moja, kwa hiyo labda hazikubadili kitu. Kisheria mtu mmoja kupiga kura mia ilikuwa ruksa. Ndivyo ilivyo kwetu pia: mama mdogo alipiga kura mpaka salio likagoma. Mwenye salio kubwa angeendelea.

Mimi na yeye tulikuwa tunaita kitu hicho "wananchi wameamua".

Gauni la njano

Nimekuwa nikizunguka, sasa niseme.

Siku ile ya kurekodi aliimba binti mmoja mwenye gauni la njano. Alikuwa wa tatu au wa nne. Viatu havikuwa vyake. Kila akipiga hatua kisigino kilichomoka, mwisho akavivua akaviweka kando ya stendi, vikiwa vimeelekea kwetu. Akaimba wimbo wa taarabu wa zamani ambao bibi alikuwa akiuimba akichambua mchele. Bila gitaa, bila kinanda. Mkono ulioshika kipaza sauti ulikuwa ukitetemeka, sauti haikutetemeka.

Alipomaliza hatukupiga makofi.

Ukumbi uliokuwa umeshangilia stendi tupu kwa amri ulisahau kabisa kazi yake. Ilipita pumzi mbili, tatu. Yule kijana wa redio ya upepo akatupungia mikono kwa nguvu, ndipo tukashtuka. Mama wa vigelegele alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kanga.

Kwenye kipindi binti yule alipewa sekunde nane, katikati ya wengine watano, na juu ya sauti yake wakaweka muziki wa kipindi. Walionyesha na ule ukimya wetu. Ukiutazama kwenye runinga, bila kuwapo, unaonekana kama ukumbi uliochoka kumsikiliza.

Kesho yake nilirudia ile sehemu mara nyingi kwenye simu. Hakuna kura iliyoguswa hapo. Picha zilipokatwa, hata kura zilikuwa bado hazijafunguliwa. Hakuna sheria iliyovunjwa, na kama ungemwita mhariri mahakamani angesema, kwa haki kabisa, kwamba kila picha aliyoweka ilitokea. Binti aliimba. Watu walinyamaza. Kijana aliimba. Mtu fulani alishika kifua. Yote yalitokea siku ile, ukumbini mle.

Nilikuwa nimemtafuta mwizi kwenye hesabu za kura, kumbe nilitakiwa nimtafute kabla mtu hajashika simu.

Ila na hapa pia sina uhakika kama nilivyotaka. Yule kijana wa gitaa aliimba vizuri. Nilimsikia kupitia ukuta wa msalani, na nakumbuka nilisimama kidogo mkono kwenye kitasa, nikisikiliza. Kama walikuwa wanambeba, mbeleko ilikatika, maana alitoka wiki mbili kabla ya fainali. Na labda binti wa gauni la njano angetoka hata angepewa dakika nane. Alikuwa na woga, na mashindano yale yanataka mtu asiye na woga. Siwezi kusema aliibiwa ushindi. Aliibiwa ule ukimya tu, na huo ndio uliokuwa alama zake.

Nilipompigia

Ilinichukua mwezi mzima. Jumapili moja nikampigia mama mdogo, baada ya salamu na habari za magoti yake, nikamwambia: ule uso haukuwa wa yule kijana. Nikamweleza fundi, waya, mlingoti, msala.

Akanyamaza. Nikajua sasa nimemuudhi.

"Kwa hiyo nilimpigia kura fundi."

"Ni kama hivyo, mama mdogo."

"Elfu mbili yangu!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza nilichokuwa nakiogopa: "Na wewe kwani hukuguswa na mtu yeyote siku nzima ile?"

Nikamwambia kuhusu gauni la njano. Hakumkumbuka. Nikamwambia viatu, nikamwambia mkono. Hapana, hakumwona, labda alikuwa jikoni anageuza samaki. Sekunde nane zinapita upesi.

"Aliimba nini?"

Nikautaja, akasema huo anaujua lakini anausahau unaanzaje, nimwanzishie. Nikakohoa kidogo, nikaangalia kama mlango umefungwa, nikaanza kumwimbia kwenye simu. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili nilipanda juu kuliko nilivyoweza kufika.

"Siyo hivyo, unauharibu," akasema, akauchukua yeye, taratibu, kwa sauti ya marehemu bibi kabisa. Alipofika kwenye kiitikio akasimama ghafla.

"Wewe wangekutoa usaili wa kwanza," akaniambia, na dakika zangu zikaisha hapo hapo.